Msichana Niliyemsafisha Uso

Usiniambie niliota. Ilikuwa alasiri, jua kali la Garsen, nami nilikuwa macho kabisa ndani ya studio yangu ya picha, nikilaani stima iliyopotea.

Wiki hiyo kijana mmoja alikuwa ameniletea picha ndogo ya dada yake, marehemu; wao ni Waorma, wafugaji wa Minjila. Alitaka niikuze, itundikwe kwa mama yao. Kwenye paji la uso palikuwa na alama tatu za moto. Wafugaji huwachoma watoto hivyo wakiugua, wapone.

"Hizo toa, brathe," akaniambia. "Watu watatuona washamba."

Nikatoa. Ni kazi rahisi: unachukua ngozi safi ya shavuni, unafunika penye alama. Nikamlainisha uso, nikamtia vitone vyeupe machoni vimng'arishe, nikaufifisha ukuta wa nyuma hadi kingo za mtandio wake zikafifia nao. Kijana alifurahi, akaichana ile ya zamani papo hapo. Na kwenye kompyuta nilikuwa nimehifadhi mpya juu ya ya kwanza, ikafutika.

Basi alasiri hiyo mlango ukafunguka, akaingia yule marehemu. Wallahi, yeye! Paji laini, halina hata doa. Chumba kilikuwa na giza, lakini machoni mwake viling'aa vile vitone vyangu. Kingo za mtandio zilififia hewani, hujui kitambaa kinaishia wapi. Ungekimbia? Mimi nilimsogezea kiti.

"Mama amenikataa," akasema. "Nirudishie uso wangu."

Kwa nini hakumwendea kaka yake, aliyezionea haya alama? Nilitaka kumuuliza, tena kwa hasira, lakini alikuwa analia. Stima iliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Nikaenda Minjila. Mama alikuwa ameigeuza picha ikatazama ukuta.

"Hii si mtoto yangu," akasema. "Yangu nilichoma mimi, na hii mkono. Akapona."

Nimezichora alama zile mara ngapi! Kila nikimpelekea anatikisa kichwa. Picha nyingine hana. Sasa uzee unamla, ananiambia hata sura ya bintiye inaanza kumpotea. Na msichana bado huja, hukaa kitini. Simfukuzi. Nimwambie aende wapi?

Nina uchungu, sitaficha. Wewe unayemfutia marehemu wako makovu kwenye simu ili apendeze, muulize kwanza mama yake.