Zahanati Iliyobaki Mwaka Jana

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila unapoingia hapa kwangu na ile kompyuta yako nyembamba kwapani. Ilikuwa asubuhi, huko mtaa wa Gihosha, nyuma ya zahanati, na makopo ya dawa yalikuwa yametandazwa uani juu ya mikeka kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanaoanikwa. Watu wazima tulikuwa tumepiga magoti tunasoma vibandiko. Juzi uliponisomea mkataba wako wa kuiuzia hospitali programu, kwa sauti ya furaha, mimi nilikuwa nayaona yale makopo, ndiyo maana sikupiga makofi. Ukaenda zako umenuna. Sasa kaa, nikwambie kilichonikera, na usinikatize, kwa sababu nikikatizwa nitakasirika zaidi.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa msichana, nimeajiriwa kuingiza majina ya dawa kwenye kompyuta ya zahanati moja ndogo pale Gihosha. Nyumbani kwetu ni Carama, mimi, bibi yako na mdogo wangu Espérance, ambaye baadaye alikuzaa wewe. Espérance alikuwa na kifafa tangu utotoni. Lakini dawa ilikuwa imekishika. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, basi anakwenda shule, anaimba kwaya, anagombana na mimi kuhusu viatu, na mgeni asingejua kitu. Wengine waliomba vita viishe. Sisi tuliomba hilo pia, lakini kabla yake tuliomba vidonge vya Espérance visikatike.

Zahanati ilikuwa na mkurugenzi aitwaye Anicet, mtu wa tai na manukato hata siku ya mlio wa risasi. Alikuwa amenunua programu ya kutunza dawa kutoka kampuni moja ya nje. Walimletea sanduku linalong'aa, wakampa chakula cha mchana hotelini, wakamwonyesha rangi. Dawa nzima inaonekana kijani, dawa iliyopitwa na muda inaonekana nyekundu. Kilichomaliza maneno ni hizo rangi. Fundi wetu, Bahati, kijana mkimbizi wa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliuliza kama watatupa na maandishi ya ndani ya programu ili ikiharibika airekebishe. Yule muuzaji alicheka, na Anicet akacheka kwa adabu pamoja naye. Programu ilikuwa na kufuli. Kila mwaka ukiisha, kampuni inakuletea namba ya kuifungulia, na usipopata namba haifunguki.

Kisha nchi jirani zikatufungia mipaka. Mwakilishi wa kampuni ile akafunga ofisi yake mjini akaondoka, na mwaka ulipoisha hakuna namba iliyokuja. Tukawasha kompyuta asubuhi ikatuambia tuwasiliane na muuzaji. Dawa zote zilikuwa zimeandikwa humo ndani, na nje wagonjwa wamejaa mpaka barabarani.

"We Bahati, fungua hii machine!" Anicet alimfokea.

"Siwezi, patron. Ndani haionekane. Balifunga."

"Njo fanya kitu basi! Batu beko inje banangoja."

Bahati akakuna kichwa, akairudisha saa ya kompyuta nyuma mwaka mzima. Programu ikaamini kwamba bado ni mwaka jana, ikafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulimpigia makofi. Mwaka ule ulipokwisha akairudisha tena. Ikawa utani wetu kwamba Gihosha hatuzeeki. Jacqueline, aliyekuwa akitoa dawa dirishani, alisema atabaki na umri wake uleule mpaka apate mchumba anayemfaa.

Sasa wewe ni mtu wa kompyuta, umeshaona tatizo liko wapi. Najua umeliona, nimekuona umeacha kutikisa mguu. Sisi hatukuliona. Ile programu ilikuwa inalinganisha tarehe ya kopo na tarehe ya mashine, na mashine tulikuwa tumeishikilia mwaka wa nyuma. Kwa hiyo hakuna dawa iliyopitwa na muda. Kila kitu kijani. Zamani Jacqueline alikuwa na kawaida ya kugeuza kopo na kusoma kibandiko, ila Anicet alikwisha toa amri kwamba dawa zitoke kama mashine inavyosema, na mwenye kubishana na mashine akatafute kazi kwingine. Unaona jinsi mtu anavyoweza kulipia upofu wake mwenyewe na kuuwekea amri? Mpaka leo nikifikiria jambo hilo natamani kupiga kitu.

Espérance akaanza kuanguka. Mara ya kwanza kanisani, katikati ya wimbo. Halafu nyumbani, halafu njiani akirudi kutoka kuchota maji. Bibi yako aliamini kwamba mtoto anatema dawa.

"We Espérance, ile dawa unaitupaka wapi?"

"Mama, naikunywa! Naapa, naikunywa yote!"

Hakuaminiwa. Alichapwa, mwanangu, mama yako, kwa sababu ya kunywa dawa yake vizuri. Majirani wakaanza kusema ni mapepo, wakaja watu wa maombi, wakamshika kichwa wakapiga kelele mchana kutwa. Naye alikuwa akinywa tu vidonge vyake, asubuhi na jioni, vidonge vya zahanati yetu, vilivyokaa kwenye ghala lenye unyevu hadi nguvu zote zikaisha. Siku moja alianguka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, na sufuria ya maharage ikiwa inachemka. Huo mkono wake wa kulia wenye makovu unaoujua wewe, uliambiwa aliteleza. Hakuteleza.

Tulimbeba mpaka Gihosha kwa miguu, maana magari hayakuwa yakipita. Tulimkuta daktari Libère, mzee aliyekuwa akija kutoka mtaa wa Kigobe siku ambazo njia ilikuwa salama. Alimfunga mkono. Alipomaliza akauliza anakunywa dawa gani, akaomba aletewe kopo lenyewe. Akavaa miwani yake, akasoma kibandiko, akasoma tena. Halafu akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Leo ni mwaka gani?"

"Wa kwetu ao wa machine, docteur?" Jacqueline alijibu huku akicheka.

Mzee hakucheka. Aliugeuza uso wake kwa Anicet, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na tai yake.

"Docteur, ni vita," Anicet alisema. "Licence ilikatika. Tungefanya nini?"

"Anicet, hii machine ni ya nani?"

"Ni yetu, docteur. Tulinunua."

"Apana. Mwenyewe ni ule alibaki na ufunguo. We ulinunua ruhusa ya kuitazama tu. Ukachukua dawa za batoto ba batu, ukaziweka mu nyumba ya mutu mwingine, na ule mutu amehama."

Yule mzee akaizima kompyuta kwa kidole chake mwenyewe, akaamuru makopo yote yatoke nje. Ndiyo ile siku ya mikeka. Tulisoma vibandiko mpaka macho yakauma, na ndugu za wagonjwa wakatusaidia, na Anicet naye alipiga magoti na suruali yake nzuri. Marundo mawili, zima na mbovu. Rundo la dawa mbovu lilikuwa kubwa, na kila kopo tulilotupa humo tulijua baadhi ya vidonge vyake vimekwisha gawiwa kwa mtu fulani. Jacqueline alikuwa analia huku anasoma.

Baada ya pale daktari alimtaka Bahati aandike programu yetu wenyewe, ndogo, isiyo na rangi. Akamwekea sharti moja: aiandike kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kuisoma na kuiendeleza, na nakala ikae kwetu na nyingine ipewe zahanati yoyote itakayoomba. Bahati alikasirika. Usifikiri ninyi vijana wa leo ndio wa kwanza kuiona hatari hiyo.

"Docteur, nikiwapa yote, mi nitakula nini? Kesho mutamuita mwingine."

"Tutakulipa kila mwezi kuitunza. Ukiitunza vibaya, ndiyo, tutamuita mwingine. Njo uitunze vizuri."

Akaiandika. Aliweka maelezo ya Kiswahili ndani yake, kila sehemu, mengine ya utani. Mahali pengine aliandika, "Hapa usiguse kama hujakunywa chai." Zahanati mbili tatu zikaichukua, zikamwita aziwekee, na alilipwa vizuri kuliko alipokuwa akirudisha saa nyuma. Kisha siku moja akaenda Uvira kumwona mama yake, na hakurudi. Mpaka leo sijui kilichompata, na nisingependa kukudanganya. Mimi ndiye niliyefungua maandishi yake nikayasoma mstari kwa mstari, nikilia na kucheka, mpaka nikajua yanavyofanya kazi. Programu haikusimama hata siku moja. Espérance alipata dawa nzima, akaacha kuanguka, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ndivyo dada wa kuingiza majina alivyogeuka kuwa huyu mnayemwita mama wa kompyuta.

Sasa nirudi kwako. Juzi uliniambia kwamba programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kusoma maandishi yake ya ndani, kuyarekebisha na kumpa jirani, ni mambo ya maskini na wanafunzi. Nikakuuliza hiyo programu yako ya hospitali umeijenga kwa kutumia nini. Ukanitajia majina chungu nzima, na yote, mwanangu, yote ni ya huria! Watu usiowajua, wenye usingizi wao na watoto wao, wamekupa matofali, saruji na bati bila kukuuliza jina. Wewe umetia mlango na kufuli, halafu unaniambia umejenga nyumba. Hata asante hujawaandikia. Nilitaka kukurushia kikombe.

Lakini msije na ninyi wengine mnaonisikiliza hapo mkanishangilia, ninyi wa "bure, bure." Mmenichosha vilevile. Nimewaona vijana wakiweka programu huria katika shule ya Carama, wakapiga picha, wakapata nafasi ya kwenda Kanada, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyejua nenosiri. Nimeona mashirika yanayotumia kazi ya mtu miaka na miaka, na siku anapoomba mshahara wa kuitunza wanamwambia si ilikuwa ya bure. Kitu kilicho wazi kisicho na mtu wa kukiangalia kinaoza kama kingine chochote. Bahati alikuwa na haki ya kuuliza atakula nini. Mzee Libère alimpa jibu la pesa, hakumpa jibu la sifa, na ninyi mnasahau sehemu hiyo kila mara.

Kinachonitoa moshi masikioni ni ile ibara ya mkataba wako uliyoisoma kwa fahari. Kwamba hospitali ikichelewa kulipa, programu inajizima yenyewe kutoka mbali. Ukasema ni kulinda biashara. Kuna njia nyingi za kumdai mtu. Kuna barua, kuna wakili, kuna kwenda kukaa mlangoni kwa mhasibu mpaka aone aibu, na hiyo ninaijua vizuri. Wewe umechagua kumkaba mgonjwa ili mhasibu asikie.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema waziwazi usije ukasema hukuelewa. Uza kazi yako, usiuze ufunguo. Wape hospitali maandishi ya ndani ya programu, au uyaweke mahali ambapo watayapata siku wewe haupo, kwa sababu siku hiyo ipo, nchi hii imetufundisha. Andika kwa namna ambayo binti wa kuingiza majina anaweza kukusoma. Watoze pesa ya kuitunza, utoze pesa nzuri, na usione haya. Katika pesa hiyo toa kidogo kwa wale waliokupa matofali. Na ile ibara uifute kabla hujatia sahihi.

Ukiniuliza kwa nini nimeshupalia hospitali hii kuliko nyingine, nitakwambia, maana najua hujui. Wewe unamtumia mama yako pesa kwa simu mwisho wa mwezi na unadhani umemaliza. Dawa hujawahi kwenda naye kuichukua. Espérance bado anakunywa kidonge asubuhi na kidonge jioni, na anakichukua kwenye dirisha la hospitali hiyohiyo unayotaka kuitia kufuli.

Haya, inuka. Nenda kaufungue huo mkataba, kisha mpeleke mama yako kuchukua dawa, usimame naye kwenye foleni. Mungu akupe kazi nyingi, mwanangu, na akili ya kuifanya. Akupe wateja wenye mlango wazi wa kuondoka, na bado wakae nawe.