Wimbo Wenye Nafasi Ishirini na Saba za Kimya

Ni saa moja kasoro robo asubuhi, na mlango wa karakana ya ushonaji uko wazi mpaka mwisho, umeegemezewa tofali usije ukajifunga. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mahali hapa, ingawa hakuna aliyeiandika. Ndani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, ambaye wenzake humwita Dada Anza, anapuliza vumbi la pamba kwenye sindano ya cherehani yake, anapangusa mikono kwenye sketi, kisha anapiga kofi moja juu ya meza.

Anaita kwa sauti ya chini, nusu akiimba, nusu akiuliza. “Namba moja yuko wapi?”

“Nipo, nashona kola,” anajibu mama mmoja aliye karibu na dirisha, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

“Namba mbili yuko wapi?”

Hapo hajibu mtu. Wanawake sita waliomo wanakanyaga sakafu taratibu, mara nne, kisha Dada Anza anaita namba tatu. Namba tatu naye hajibu. Miguu inakanyaga tena, mara nne.

Wimbo huo una namba arobaini na nne. Kumi na saba ni za watu walio hai, na kama mwenyewe hayupo karakanani, aliye karibu humjibia. Ishirini na saba hazina wa kuzijibia. Hazijajibiwa tangu kiwanda cha mashati kilipoungua miaka minane iliyopita, bendera za nchi nzima zikapepea nusu mlingoti kwa siku tatu, halafu siku ya nne zikapandishwa na watu wakaambiwa warudi kazini.

Wako wanaosema miaka minane ni mingi. Ni mingi kwa asiyekuwa na mtu mle ndani.

Tukumbushane basi, kwa faida ya wenye kusahau upesi. Ghorofa ya juu ya kiwanda kile ilikuwa na cherehani arobaini na nne na mlango mmoja. Mlango huo ulifungwa kwa kufuli tangu zamu inapoingia hadi inapotoka, kwa sababu mwenye kiwanda alishuku kwamba washonaji wanaondoka na vifungo mifukoni. Vifungo vya shati. Kwa ajili hiyo watu wazima, mama za watu, walifungiwa saa kumi kwa siku kama kuku bandani.

Mle ndani mtu hakuitwa kwa jina. Kila cherehani ilikuwa na namba ya rangi nyeupe ubavuni, na msimamizi alipotaka kukufokea, aliifokea namba. Washonaji wakaichukua namba ile ile ya dharau, wakaitia kwenye wimbo.

“Ulikuwa utani tu,” anasema Dada Anza, aliyekuwa namba sita. “Msimamizi akija na daftari lake kuhesabu watu, anakuta tumeshajihesabu wenyewe. Mimi ndiye naanzisha. Ikifika zamu yangu, najiita na kujijibu mwenyewe kama mtu aliyerukwa na akili. Wenzangu walikuwa wanacheka mpaka nyuzi zinakatika.”

Ndipo alipopatia hilo jina. Kila asubuhi ghorofa nzima ilimpigia kelele: anza, dada, tuanzie.

Siku ya moto alikuwa ameshuka stoo kuchukua uzi mweusi. Msimamizi alimfungulia, akafunga nyuma yake. Boksi la uzi ndilo lililomwokoa, na mpaka leo hapendi kushona kwa uzi mweusi. Wateja wakileta nguo nyeusi huwapa wenzake. Watu kumi na sita walitokea kwenye dirisha la choo, lisilokuwa na nondo, wakaruka. Wengine hawakulifikia. Msimamizi alikuwa ameshakimbia, ufunguo mfukoni.

Uwanjani palikuwa na vurugu. Daftari la mahudhurio lilikuwa linaungua pamoja na waliokuwa wameandikwa humo, kwa hiyo hakuna aliyejua nani katoka na nani amebaki. Kila mtu alipiga kelele, huyu akimwita dada yake, yule akimwita rafiki yake, na hakuna aliyesikia jibu.

“Nikapiga kofi,” anasema. “Nikaita namba moja, nikasikia ‘nipo’ kutoka chini ya ukuta. Watu wakatulia. Nikaita namba mbili.”

Anachukua suruali iliyo mbele yake, anapima pindo kwa vidole, anaichoma pini tatu ambazo si lazima.

Aliimba namba zote mara mbili. Mara ya pili alikwenda polepole zaidi, akidhani labda wapo walioshindwa kujibu kwa ajili ya moshi kifuani. Siku ya tatu, polisi aliyekuwa akiandika orodha ya waliokufa alimketisha mezani, naye akauimba tena kwa kunong'ona, akitaja jina kila penye kimya, polisi akiandika. Orodha ile iliyosomwa redioni kwa sauti nzito, viongozi wamevaa suti nyeusi, ilinakiliwa kutoka kwenye wimbo wa mshonaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema hilo hadharani.

Tume iliundwa. Ripoti ikaandikwa. Hakuna mfiwa aliyesomewa ukurasa wake hata mmoja, na mwenye kiwanda bado anaamka asubuhi na kunywa chai yake. Kilichobaki mikononi mwa watu ni wimbo. Ulitoka kwenye mazishi ukaenda mahospitalini, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwa watu wasiowahi kushika sindano. Wauguzi huuimba kwa namba za vitanda. Wajane wanasema ukishaisha, mtu anaweza kula na akalala. Kwa dakika sita kila aliyekufa anaitwa, anangojewa, anapewa heshima ya kuulizwa yuko wapi. Kiwandani walikuwa hawaulizwi.

Miezi miwili iliyopita serikali nayo imeukumbuka.

Ofisa wa itifaki alifika karakanani amevaa viatu vinavyong'aa, akakataa kiti, akakipangusa, kisha akakikalia. Alieleza kwamba mnara wa kumbukumbu umekamilika na utazinduliwa siku ya maadhimisho. Wimbo utaimbwa mbele ya viongozi na kurushwa moja kwa moja nchi nzima. Ila kuna marekebisho madogo. Kimya hakifai hewani, alisema. Sekunde chache tu wasikilizaji wanadhani mtambo umekufa. Kwa hiyo kwaya ya wanafunzi mia moja, waliovaa nyeupe, itajibu “nipo” kila mahali pasipo na mtu, na kinanda kitaisindikiza.

“Mama, watu wanataka faraja,” alimwambia. “Hawataki kutoneshwa vidonda.”

“Huyo mtoto atakayejibu ‘nipo’,” Dada Anza akamuuliza, “mmemwambia anamjibia mtu aliyefungiwa kwa kufuli?”

Ofisa alitazama saa yake, akasema kamati itangoja jibu la maandishi hadi mwisho wa mwezi. Pindo la suruali yake lilikuwa limefumuka nyuma, linaburura. Wanawake sita, wote mafundi, walimwona kuanzia anaingia, wakamwacha aondoke nalo hivyo hivyo.

Jibu lilikuwa tayari kichwani mwa Dada Anza kabla ofisa hajafika barabarani. Hakuna kitakachojazwa. Hata nafasi moja.

Hapo ndipo simulizi hii ingeishia, kama si mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, baba wa namba thelathini na moja. Alikuja wiki iliyofuata na kaptura ya kubana kiuno. Alipomaliza kupimwa hakuondoka. Alikaa na kofia yake magotini hadi wateja wakaisha.

“Binti yangu,” alisema, “nimesikia serikali wanataka kujaza vile vimya, na wewe umekataa. Umefanya vizuri kuwakatalia wao. Lakini mimi nakuomba cha mwanangu ukijaze.”

Dada Anza alidhani hajasikia sawasawa.

“Kila mwaka unamwita, na mimi namngojea,” mzee akaendelea. “Nakodoa macho kabisa. Kila mwaka hajibu. Nimechoka kumngojea mbele za watu, mama. Nipe mimi nimjibie, nikapumzike.”

Aliondoka bila hata kuuliza kaptura itakuwa tayari lini. Dada Anza hakushona kitu siku hiyo. “Mimi nilijiona shujaa,” anasema. “Nimemkatalia ofisa, watu wananipongeza. Kumbe vile vimya si vyangu. Nilikuwa nimevimiliki miaka minane bila kumuuliza mwenye mtu wake.”

Tangu siku hiyo, kila alasiri anafunga kazi mapema na kwenda nyumba kwa nyumba. Anakaribishwa, anapewa maji, anauliza swali moja tu: kimya cha mtu wenu kibaki, au mjibu wenyewe? Kwingine amelia pamoja nao. Nyumba moja walimfungia mlango, akaandika jibu lao baada ya kurudi mara tatu.

Mume wa namba kumi na tisa alisema kibaki. Mke wake, alisema, alikuwa anaongea kuanzia anaamka hadi anakoroma, na zile hatua nne ndizo pekee alizowahi kumwona amenyamaza. Walicheka wote wawili, kisha mwanamume yule akasimama akaenda uani, akakaa huko muda mrefu.

Familia kumi na tatu zimesema kimya kibaki. Kumi na moja zitajibu zenyewe, kila moja kwa mdomo wa ndugu wa damu, mzee mwashi akiwa mmojawapo. Mbili zimehama, hazijapatikana, na hizo vimya vyao havitaguswa. Kamati imeshaandikiwa hivyo. Barua ina mistari sita, na wa mwisho unasema kwamba lango la mnara likifungwa, wimbo utaimbwa barabarani, palepale nje, kwa sababu mlango uliofungwa si jambo geni kwao. Kamati haijajibu.

Hizo ni ishirini na sita. Ya ishirini na saba aliiacha mwisho, na si kwa umbali. Ni chumba cha pili ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Namba saba alikuwa mdogo wake, tumbo moja, cherehani zao zikigusana. Mama yao mzazi anaishi na Dada Anza, wanakula sahani moja, na kwa miaka minane hawajawahi kukizungumzia kifo chake. Mama hajaenda kwenye maadhimisho hata mwaka mmoja. Siku hiyo husema miguu inamuuma.

Jumapili iliyopita, mchana, mama alikuwa kitandani akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Dada Anza alisimama mlangoni. Anasema kwenye nyumba ishirini na nne za watu maneno yalikuwa yakija. Kwa mama yake alianza mara mbili akakwama, mpaka mama mwenyewe akamwambia aseme alichokuja kusema au ashike ncha ya shuka wakunje pamoja.

Akashika ncha ya shuka. Akauliza.

Mama alikunja shuka hadi likawa dogo kama kitabu. “Kibaki,” alisema. “Lakini wewe unamkatisha, mwanangu.”

“Namkatisha vipi, mama?”

“Nakusikia kila siku ukijizoeza hapo jikoni. Unamwita, hujashusha pumzi umeshaenda kwa namba nane. Mtoto yule aliitwa lini akaitika hapo hapo? Nikimtuma dukani, mpaka nimwite mara tatu, na bado atatoka ndani anaburuza kandambili. Hatua nne hazimtoshi. Mpe nafasi.”

Dada Anza alikaa kitandani juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Ni kweli, anasema. Hata ghorofani walikuwa wakimngoja namba saba, wakimzomea, naye anamalizia kwanza mshono wake ndipo ajibu kwa madaha. Yeye ndiye aliyemfupisha, baada ya moto, kwa kuwa hakuweza kusimama mahali pale.

Siku ya maadhimisho, kukiwa na viongozi au kukiwa na vumbi la barabara tu, namba saba atapewa hatua nane. Wenzake wameshaambiwa. Anachoogopa ni koo lake mwenyewe.

“Sijui kama nitaweza kungoja zote nane,” anasema. “Nimemwambia mama. Kasema basi mwaka huu anakuja, atasimama mbele yangu, atakanyaga yeye. Na mimi nisithubutu kuita namba nane mpaka mguu wake utulie.”