Barafu ya Koyama

Juzi mjukuu wangu alifungua mashine yake ya barafu hapa kisiwani Koyama, ubaridi ukanipiga usoni, nikarudi utotoni.

Alasiri moja kambakoche wa mama walikuwa wameanza kunuka juani. Mnunuzi wa meli ya kigeni alikalia sanduku lake la barafu, akicheka. "Bibi, bei yangu, au watupe!"

Mama akakubali. Mimi nikadhani kwao Mungu kawapa mawe ya baridi, sisi katunyima.

Mungu hakutunyima kitu! Mashine za barafu wageni waliziweka kwao, kwetu wakaja kuchukua samaki tu.

Jana mnunuzi mwingine alikuja na maneno yaleyale. Mjukuu wangu akamvutia kigoda. "Kaa kitako unywe chai, ami. Leo samaki wetu hawana haraka."