Mwaka Wabunge wa Uingereza Walipokataa Kila Kitu

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili moja, misa imetoka na mimi bado nimesimama uwanjani pale Kanazi, Ngara, ninakofundisha, nikisalimiana na watu. Kwa kawaida yeye huanza simu kwa kucheka, hata kama hana jipya. Siku hiyo hakucheka.

"Dada, hivi mimi nina cheti cha kuzaliwa?"

Nikamwambia hana. Watoto wa kijijini kwetu Bisibo wa miaka yetu tulizaliwa, tukabatizwa, basi. Mimi mwenyewe niliajiriwa ualimu kwa hati ya kiapo aliyoapa baba akiwa hai, na yeye alipata pasipoti yake ya kwanza kwa hati ya namna hiyo hiyo.

"Sasa ubalozini hawaitaki tena," akasema. "Pasipoti mpya wanataka cheti. Na ya zamani inakaribia kukoma."

"Si utaandika barua usubiri?"

"Nasubiri vipi, Dada? Wewe husikii huku kunavyoendelea?"

Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nafundisha somo la uraia darasa la sita, na mwaka ule habari za bunge la Uingereza zilitufikia kila siku hadi watoto wakaniuliza. Waingereza walikuwa wamepiga kura nchi yao itoke katika umoja wa nchi za Ulaya, na sasa wabunge wao walikuwa wameshindwa kukubaliana watoke vipi. Mimi nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kama jambo la mbali, la ubaoni.

Kumbe lilikuwa la nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikwenda Uingereza miaka mingi nyuma, akapata kazi ya kutunza wazee, akaolewa na Mreno anayeendesha gari la mikate. Ukaaji wake wote kule umesimama juu ya mumewe, na mumewe anakaa kwa sababu nchi yake na Uingereza ni wanachama wa umoja mmoja. Umoja ukivunjika bila mkataba, aliniambia, hakuna mtu anayemweleza kwa uhakika yeye atakuwa nani siku inayofuata. Njia ya kuomba kubaki ilikuwepo, lakini ilidai pasipoti iliyo hai.

"Kazini wameanza kutuuliza karatasi," akasema. "Wananiuliza kwa upole. Huo upole ndio unaoniogopesha."

Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaenda Bisibo kwa mama. Kutoka Ngara hadi kwetu Biharamulo ni nusu siku njiani ukibahatika magari. Nilimkuta ameketi barazani anamenya mihogo, redio iko juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamekataa tena."

Hakuniuliza habari za safari wala za watoto. Akanieleza kwamba wabunge wa Uingeleza, kama anavyotamka yeye, wamekataa mkataba ule ule kwa mara ya pili.

"Kwa hiyo wamekataa kuondoka?" akauliza.

"Hapana Mama. Kuondoka wengi wao wanasema wanataka. Wanakataa masharti."

"Wakikataa masharti, wanabaki?"

"Wanasema hawabaki."

"Wataondoka bila masharti, basi."

"Hilo nalo wamelipigia kura, wakalikataa."

Akaweka kisu chini. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini ukimpa jambo analigeuza mpaka alione upande wa pili.

"Na mtoto wangu yuko wapi katika hayo yote?"

Nikaingia ndani kuweka mkoba, nikakuta chumba chetu cha zamani kimesiribwa upya kwa udongo, bado kibichi, na godoro limeanikwa dirishani. Alikuwa ameshaanza kumwandalia. Aliniambia kutoka nyuma yangu, akiwa amesimama mlangoni, "Watu wakiambiwa waondoke hawapewi siku nyingi. Ni vizuri akute pa kulala."

Alijua anachosema. Sisi wote wa mkoa ule tunajua. Miaka michache kabla ya hapo ilikuja amri ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na watu waliokuwa wamelima na kuoana kwetu tangu zamani wakavushwa mpaka. Jirani yetu, mwanamke wa Kirundi aliyepanda maharage na mama misimu isiyohesabika, alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa Kanazi wakati huo, nikasikia tu kwamba ameondoka.

Jioni ile nilitoa fomu ya cheti cha kuzaliwa niliyoichukua ofisi ya wilaya tukaijaza mezani. Jina la mtoto, jina la baba, mahali alipozaliwa baba. Baba alizaliwa Bisibo hapo hapo, na kadi yake ya ubatizo tulikuwa nayo. Nikafika mstari wa mama.

"Mahali alipozaliwa mama. Naandika Bisibo?"

Akainuka, akaenda kuwafunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa. Aliporudi hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Usiandike kitu kwanza," akasema.

Ndipo nikaambiwa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu, kwamba mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, Burundi. Bibi yangu alivuka mto akiwa amembeba mgongoni, mtoto wa kunyonya, akapita Ngara akitafuta vibarua vya kulima, akafika Bisibo akaolewa na mtu wa kwetu, Msubi, ambaye ndiye babu niliyemjua. Babu alimlea mama kama wake na hakuna aliyewahi kumwuliza swali. Mama alijifunza Kisubi kabla ya lugha nyingine yoyote. Lakini bibi alimwonya kabla ya kufa: jambo hili usilitamke.

"Baba alijua?"

"Baba yenu alijua. Yeye tu."

Kisha akaniambia lililokuwa linamla zaidi ya hilo. Siku jirani yetu alipokuja kuchukuliwa, alipita kwanza kwa mama kuaga. Alipiga hodi. Akapiga tena, akamwita kwa jina la ujana wao. Mama alikuwa ndani, nyuma ya mlango huo huo niliokuwa nautazama, ameziba mdomo kwa khanga. Aliogopa kwamba akitoka wakaonekana wamesimama pamoja, mtu atakumbuka wanafanana usemi katika maneno mawili matatu, na yeye ataambiwa apande gari.

"Nilisikia anaweka kitu chini, halafu nikasikia anaondoka," mama akasema. "Nilipotoka nikakuta jembe langu. Alikuwa ameliazima kwangu, akaona alirudishe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikilia nilikuwa naogopa, maana fomu ilikuwa bado wazi mezani.

Tulilala bila kuamua. Asubuhi mama akavaa nguo zake za kanisani, tukaenda Biharamulo mjini. Njiani nilimwomba aniachie mimi kuongea. Nilikuwa nimejiambia kwamba Bisibo si uongo mkubwa. Huko ndiko alikokulia, huko ndiko alikozika mume. Mstari wenyewe nilikuwa nimeuacha wazi.

Ofisini tulipokelewa na binti mmoja karani, mpole, aliyemwamkia mama kwa kuinama. Alipitia fomu kwa kalamu, mstari kwa mstari. Akasimama pale pale nilipojua atasimama.

"Hapa hamjajaza. Mama alizaliwa wapi?"

"Bisibo," nikasema. Nilijibu haraka mno. Mimi ni mwalimu, najua mtoto anayejibu haraka namna hiyo anaficha nini.

Karani akaanza kuandika. Mama akaweka mkono juu ya karatasi.

"Mwanangu, usiandike. Huyu ananionea huruma. Mimi nilizaliwa ng'ambo, Burundi. Nililetwa mgongoni."

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu waliacha kuongea. Nikashika ukingo wa meza. Karani alimtazama mama, akanitazama mimi, akafunika kalamu.

"Naomba mkae pale nje kwanza," akasema. "Nikamwulize mkubwa wangu."

Tulikaa kwenye benchi la mbao barazani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kila gari lililoingia uani nililitazama kuanzia tairi hadi paa. Nilimwuliza mama kwa nini amefanya vile, na ninakiri nilimwuliza kwa hasira, kwa sababu tulikuja kumwokoa mmoja na sasa nilikuwa naona nitapoteza wawili.

Akasema, "Karatasi ya mtoto ikiwa na uongo ndani, siku moja kule wataugundua, na wale hata kukubaliana wao kwa wao hawawezi. Watamhurumia vipi yeye?"

Alichukua rozari akaishika bila kuisali. Saa sita ikapita. Mtu mmoja aliyevaa sare alitoka, akatupita, akaingia mlango mwingine, na mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Tuliitwa saa nane kasoro. Mkubwa wa karani alikuwa mwanamume wa makamo, na kwanza alituomba radhi kwa kusubirishwa. Akaeleza taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu, kwamba cheti cha mdogo wangu hakina tatizo: baba ni mzaliwa wa hapa, ushahidi upo, kitatoka. Kuhusu mama ilikuwa habari nyingine. Kwa kuwa ametamka mwenyewe, lazima apelekwe kwa maofisa wa uhamiaji atoe maelezo, na wao watafungua jalada waone hadhi yake ni ipi.

"Ataondolewa?" nikauliza.

"Mwalimu, mimi siwezi kukuahidi lolote. Ila hakuna anayemwambia aondoke leo."

Hilo "leo" nililibeba hadi nyumbani.

Cheti kilitoka. Nilikituma Uingereza kwa njia ya haraka, na mdogo wangu akafaulu kushughulikia pasipoti mpya kabla ya ile ya zamani kukoma. Wakati huo wabunge walikuwa wamekataa mkataba mara ya tatu. Tarehe ya kuondoka ikasogezwa kutoka mwezi wa tatu hadi wa nne, kutoka wa nne hadi wa kumi, na kila iliposogezwa mama alipumua siku mbili halafu akaanza kuogopa tarehe mpya. Waziri mkuu akajiuzulu, akaja mwingine, tarehe ikasogezwa tena. Wakafanya uchaguzi. Bunge jipya likakubali katika muda mfupi yale ambayo la zamani lilikuwa limeyakataa kwa miezi, na Waingereza wakatoka.

Mdogo wangu hakufukuzwa. Alipata jibu kwenye simu, maneno machache tu, kwamba yeye na mumewe wanaruhusiwa kubaki. Alinipigia akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, anacheka na kulia kwa pamoja, nami nikampigia mama hapo hapo.

"Wamekubaliana?" mama akauliza.

"Wamekubaliana, Mama. Anabaki."

"Mungu asifiwe." Akashusha sauti. "Mwambie asimwambie mumewe habari zangu."

Nilimwambia. Mdogo wangu aliniuliza habari zipi, ikabidi nimweleze yote kwa simu, huku mstari unakatika. Kisha akasema, "Yaani mimi nimepata karatasi na Mama amepoteza yake?" Nikamwambia mama hakuwahi kuwa nayo. Sijui kama nilikuwa namfariji yeye au najifariji mimi.

Jalada la mama bado liko wazi. Kila baada ya miezi kadhaa anatakiwa kwenda Biharamulo kuripoti, nami nasafiri kutoka Kanazi kumpeleka. Maofisa hawajawahi kumkaripia. Wanamwuliza afya, wanatazama karatasi, wanamwambia bado linashughulikiwa, arudi tena. Mashahidi wa Bisibo waliomjua babu wamebaki wawili, na mmoja hasikii vizuri. Niliwahi kumwuliza mama kama anajuta. Akasema anachojuta ni ule mlango. Aliniomba nimtafute jirani yetu, na niliulizia kwa watu wanaovuka kwenda masokoni ng'ambo, lakini hakuna aliyemjua.

Kila tunapokwenda kuripoti, mama hubeba kibegi. Mara ya kwanza nilidhani ni chakula. Nilipokifungua kutafuta maji nikakuta vitenge viwili, sweta, dawa zake za presha na picha ya baba. Anakwenda akiwa amejiandaa kwamba huenda asipewe nafasi ya kurudi nyumbani kuchukua nguo. Zamani nilikuwa nikimsihi akiache, nikimwambia kinamfanya aonekane kama mtu mwenye hatia. Mara ya mwisho sikumwambia kitu. Nilimpokea nikakibeba mimi, tukaenda kusubiri gari.