Vibanzi Ndani ya Debe

Enzi zetu (msinicheke, nina miaka kumi na sita tu, lakini utoto ukishapita umepita) safari ya kwenda kwa Bibi ilianzia jikoni, siku kadhaa kabla. Sisi tulikaa Makambako, kwenye vumbi na upepo. Bibi mzaa mama alikaa milimani kupita Njombe, ambako asubuhi ni ukungu, mchana jua, na kabla hujamaliza kulisifu jua umelowa mpaka kwapani. "Mvua ya kwetu haipigi hodi," Mama alituambia kila alipofungasha.

Alifungasha kwenye debe. Lilikuwa la mafuta ya taa, limesuguliwa kwa majivu, na Baba alilikatia kifuniko cha bati. Humo zilikaa nguo za kanisani, maana maji hayakuingia. Vingine vyote, blanketi, unga, sweta moja tuliyovaa kwa zamu mimi na kaka yangu Tito, vilifungwa kwenye mkeka.

Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, nilishonewa gauni langu la kwanza jipya, jeupe lenye maua mekundu. Nililikunja mwenyewe nikaliweka debeni. Mama akalitoa. Akalihamishia kwenye mkeka, kisha akashusha vibanzi vya kuni vilivyokauka juu ya dari la jikoni, akalijaza debe mpaka juu.

Baba akacheka sana. "Mama Tito, unapeleka kuni msituni? Si ubebe na mawe kabisa!"

"Huko miti ipo, Baba Tito. Kuni hakuna. Mama anakohoa, na mwaka huu hakuwa na wa kumkatia mapema zikakauka."

Mimi si mtu wa kusema. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, kwa sababu nilijua gauni langu litalowa.

Na lililowa. Lori lilitushusha Njombe kwenye jua, tukaanza kupanda kwa miguu, Mama na debe kichwani, Tito na mkeka. Mvua ikatukuta mlimani, ikaacha, ikarudi na mawe madogo meupe. Wadogo zangu wa leo tone moja likiwaangukia wanakimbilia barazani, wanadai mwavuli kama makarani wa boma. Sisi tuliimba nyimbo za shule ya Jumapili na meno yakigongana.

Tulimkuta Bibi amejikunyata penye mafiga, blanketi mpaka masikioni. "Kamwene," tulimwamkia, akaitika kwa kikohozi. Mbele yake kuni mbichi zilifuka moshi tu. Alikuwa amezipuliza tangu asubuhi. Mama hakukaa. Alifungua debe, akapanga vibanzi, akawasha kiberiti. Njiti moja tu, na moto ukasimama.

Bibi alinyoosha mikono yote miwili. Kikohozi kikanyamaza. Kisha akaniona mlangoni nimekumbatia gauni linalodondosha maji mekundu. Akalichukua, akalitundika juu ya moto, akawa analigeuza polepole, kama mtu anayebanika kitu asichotaka kiungue.

Siku ya Krismasi nilikwenda kanisani kwa gauni la rangi ya waridi lililonuka moshi. Binamu zangu, nao waliokuja kwa sikukuu, wakabana pua. "Wewe, umevaa gauni au samaki mkavu?" Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akanivuta ubavuni pake. "Waache. Anayenuka moshi ana kwao."

Sasa Bibi anaishi nasi Makambako, kwa ajili ya kifua chake. Anakaa uani akiota jua, akilalamika kwamba jua la huku halina jipya. Kesho narudi shule ya bweni, nayo iko milimani, mvua na ukungu vilevile. Nina sanduku lenye kufuli, koti la mvua, na sweta yangu peke yangu. Nguo zangu siku hizi hufika kavu. Hazinuki kitu.

Jioni hii Bibi amenitazama nikifungasha, akauliza, "Kuni umeweka?"

"Bibi, shuleni kuna kuni."

"Kavu?"

Nikainamia sanduku. Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, mkono umezama darini.