Springi za Mtu wa Usangu

Bibi yangu alikuwa anatega kanga kwa mti. Hiyo ni Iringa, upande wa Kihesa, wakati Kihesa bado mashamba na vichaka. Anachagua mti mchanga, anaupinda mpaka kichwa kiguse chini, anaufunga na kamba ya katani. Kanga akikanyaga kitanzi, kamba inafyatuka, mti unaruka juu pamoja naye. Wenzangu walimkimbilia ndege, mimi nilibaki nautazama mti. Umejuaje pa kurudi? Kila jioni bibi aliufungua, apate asipate. "Ukiuacha umeinama siku nyingi unasahau," alisema. Nyama yenyewe ya kanga ilikuwa ngumu, inakwama menoni, lakini hayo tuyaache.

Neno lile la kusahau lilinirudia Mbeya, miaka ya sabini, nikiwa utingo wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa na pikapu kuukuu, kazi yake kubeba tumbaku kutoka Chunya. Njia ile ni vumbi na mashimo. Springi za nyuma zikavunjika. Akanunua mpya dukani, nyeusi zinang'aa, tukazishangilia kama harusi. Hazikumaliza mwezi. Wala hazikuvunjika, zililala tu. Gari ikakaa matako chini kama fisi, tairi zinakwaruza bodi.

"Hizi ni springi au chapati?" mjomba akawauliza watu wa gereji, kama wao ndio walizikanda.

Wenye tumbaku wakamwambia wazi: ukikwama tena, mzigo tunampa mwingine. Mjomba hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na pikapu ile, basi.

Ndipo akaja mhunzi mmoja, katika wale wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Alitaka vyuma vibovu afulie mikuki. Mjomba akamwonyesha springi za dukani. Akazigonga na jiwe, akasikiliza, akazitupa.

"Hizi kaotee moto, mzee. Nipe zile zako za zamani zilizovunjika."

"Basi nitengenezee wewe, kama nyundo yako ni ndefu kama mdomo wako!"

"Natengeneza. Malipo yangu kipande kimoja kirefu cha zile zilizovunjika. Lakini nikimaliza naondoka, sirudi. Kwetu, aliyepinda chuma akigeuka kukitazama, nacho kinarudi kilivyokuwa."

"Aa! Hiyo mila ya wezi hiyo!"

Mhunzi akacheka mpaka akakohoa. Zile za zamani hazikutosha, tukafungua vipande vingine kwenye lori lililokufa zamani njia ya Makongolosi. Akavipasha vikawa vyekundu kama papai, akavipinda, akavizamisha kwenye mafuta ya ng'ombe. Nilidhani tumemaliza. Kumbe akavirudisha motoni, taratibu, huku anavisugua na kijiti kikavu kupima joto. Kijiti kilipotoa moshi, akavitoa. Sijawahi kuona mtu anakibembeleza chuma vile, kama mtoto mwenye homa.

Tukazifunga springi kwenye gari. Mhunzi akatafuta mfuko wake, akakuta mjomba ameukalia.

"Hutoki mpaka nione."

"Pakia basi. Mimi nakupa mgongo."

Kweli, akasimama anatazama mlima. Tukapakia marobota ya tumbaku mpaka juu. Springi zikashuka. Watu wa gereji wakapanda, mama mmoja muuza vitumbua naye akapanda na beseni lake, anasema asiachwe. Zikashuka tena, kidogo. Halafu tukashusha kila kitu.

Gari ikainuka. Polepole, bila kelele, ikarudi palepale ilipokuwa. Nikaona ule mti wa bibi, lakini huu ulikuwa chuma, na mtu ndiye aliyeufundisha kukumbuka. Pikapu ile ilibeba tumbaku msimu ule na mingine mingi. Bodi ikaoza, injini ikafa, springi tukazihamishia kwenye mkokoteni wa punda, na bado zilikuwa zinainuka.

Mjomba akainuka juu ya mfuko, akauweka miguuni pa mhunzi. Mhunzi akauokota bila kugeuka, akaweka kipande chake begani, akashika njia.

"Shemeji!" mjomba akaita. Mwizi ameshakuwa shemeji! "Hata chai, shemeji?"

Yule bwana akainua kile kipande juu, kidogo, kama mtu anayeaga. Hakugeuka. Akapita mikaratusi, akashuka bondeni, na hakurudi tena.