Kinanda cha Enos na Embaire ya Budondo

Ulipomuuliza Enos Wabwire kazi yake, alijibu, "Napiga kinanda," basi. Hakusema kwamba nyimbo nyingi walizoimba wanakwaya wa Jinja alizitunga yeye. Mwezi wa Machi Bwana alimwita kwake, na tangu hapo mkewe Metrine huwasha redio kila asubuhi, hata kama hasikilizi, ili nyumba isinyamaze. Lakini maisha ya Enos hayakuwa ya kulilia. Mungu alimpa alichokipenda, akamwacha akitumie.

Alizaliwa Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Baba yake alikuwa Mkenya, dereva wa malori yaliyopakia mizigo kwenye viwanda vya mjini. Enos akiwa sekondari, alikuja kanisani kwao Mholanzi mmoja, fundi wa pampu za maji. Huko kwao Mholanzi huyo alikuwa mpigaji na mtunzi wa muziki wa sinthesaiza, kile kinanda cha umeme ambacho sauti zake mtu huziumba mwenyewe kwa vitufe. Jioni alimkalisha Enos mbele yake.

"Usiulize ina sauti gani," alimwambia kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Iambie wewe unataka gani."

Kazi yake ilipoisha alirudi Uholanzi, akamwachia kijana chombo chake. Enos alilia, kisha akakifunika kwa shuka jipya la mama yake bila kuomba ruhusa. Alichapwa kwa ajili ya shuka hilo, na alipenda sana kusimulia.

Kinanda ndicho kilichompeleka Jinja, harusi moja hadi nyingine, na katika harusi mojawapo akamwona Metrine akiimba sauti ya pili. Walioana, wakampata Phiona, na mwishowe wakawa wanasali Budondo, nje ya mji. Waumini wa huko walikuwa wakijenga kanisa la matofali. Lilipokaribia kuwekwa wakfu, Enos alitunga wimbo wa shukrani. Alitaka upigwe kwa kinanda pamoja na embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga, wenyeji wa huko, inayolazwa juu ya migomba iliyokatwa, chini yake shimo la kuvumisha sauti, na watu sita wakaizunguka. Kiongozi wa wapigaji alikuwa Isiko, askari mstaafu wa magereza, aliyekuwa akiipiga nje ya kanisa hilo tangu likiwa banda la nyasi.

Siku ya mazoezi walianza pamoja. Lo! Ilikuwa kama watu wawili wanaosoma zaburi mbili tofauti kwa sauti kubwa. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mbao za embaire zilichongwa kwa sikio la Wasoga, kinanda kilipangwa kiwandani, na hakuna nota iliyokubaliana na mwenzake.

Mchungaji Erisa aliinua mkono. "Askofu atakuwa hapa, sitaki aibu. Tutatumia kinanda peke yake."

Isiko akaweka fimbo zake chini. "Sawa. Sisi naenda, na hapa haturudi. Mkenya abaki na umeme yake."

Watano wenzake wakamfuata. Enos alirudi nyumbani akiwa hana raha hata kidogo. "Watu sita watoke katika nyumba ya Mungu kwa sababu ya wimbo wangu?" alimwambia Metrine. "Bora niuchane."

"Usichane kitu. Nenda ukaongee na mzee."

Alikwenda, ila alibeba randa ya seremala. Isiko alipoiona alisimama.

"Hiyo ya nini?"

"Afande, nimefikiri tukizipunguza mbao kidogo tu, zitalingana na..."

"Unataka kunyoa miti yangu?" Isiko alicheka, lakini randa aliichukua akaikalia. "We Mkenya, sikiza. Mti nikikata, narudi namna gani? Hiyo mashine yako iko na vitufe mia. Yenyewe ndiyo mgeni. Ijifunze."

Enos alitaka kubisha, kisha akamkumbuka yule Mholanzi. Alikuwa amesahau alichofundishwa Mbale. Kesho yake alirudi na kinanda na betri ya gari. Isiko aligonga ubao mmoja, na Enos akashikilia nota yake huku akiipandisha na kuishusha. Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana hutetemeka, kama maji kwenye beseni lililogongwa. Alisogeza mpaka mtetemo ukatulia na sauti zikawa moja. Walifanya hivyo kwa nota zote tano, wakizipanga kwenye vibao vyeusi vya kinanda. Ubao mmoja wa juu ulikataa kabisa.

"Huo acha," Isiko alisema. "Hata sisi unatusumbua."

Wapigaji wote sita waliporudi mazoezini, waliobaki kusumbuka ni wanakwaya. "Baba Phiona," Metrine alilalamika, "hii nota ya nne imekaa wapi? Si juu, si chini!"

"Usiitafute. Isikilize wanavyoigonga, halafu ingia."

Wakaingia. Mchungaji alisikiliza mazoezi ya mwisho akiwa mlangoni, mikono nyuma, akaondoka bila kuwakataza. Enos hakulala vizuri.

Jumapili ya wakfu, embaire ilianza peke yake uani, ikazunguka na kuzunguka. Kisha kinanda kikaingia taratibu kutoka ndani, na hapakuwa na ugomvi wowote; ilikuwa kana kwamba mbao zenyewe zimeanza kuvuta pumzi. Akina mama wa Budondo walipiga vigelegele kabla kwaya haijafungua kinywa. Askofu alisimama, akatoka nje na joho lake kuona ni akina nani wanaopiga, akabaki huko huko hadi wimbo ukaisha.

Mchungaji Erisa alimfuata, akaenda moja kwa moja kwa Isiko. "Afande," alisema, "Jumapili ijayo mnaanza saa ngapi?"

Isiko alifuta jasho bila haraka. "Muulize Mkenya. Sisi tuko tayari."